Nyota tano au nyota moja: nimwamini nani kuhusu albamu hii?

*Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni mpiga fidla katika klabu moja ya taarab hapa Unguja. Mjomba wangu karudi kutoka Uingereza kaniachia santuri mbili za kundi la Yes, albamu yenyewe Tales from Topographic Oceans, akaniambia hiki ndicho kilele cha roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi. Deki ya santuri sina, basi nimeitafuta mtandaoni nikaisikiliza kwenye simu, yote kwa mkupuo mmoja, mara tatu. Mara mbili nilisinzia. Nikasoma watu walivyoandika: wahakiki wengi wanaicheka, na wasikilizaji ama wanaipa nyota tano ama nyota moja, wa katikati siwaoni. Mara ya tatu nikapandisha sauti sana kwenye hedifoni nisilale, masikio yakavuma mpaka asubuhi. Wenzangu klabuni wanataka niwasikilizishe na niwaeleze habari zake mwezi ujao. Nimwamini nani? Na kasoro ni yangu au ya albamu?*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Tuanze na masikio, maana hayo hayangoji mwezi ujao. Mvumo unaokuja baada ya kelele kubwa ni dalili kwamba vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vimechoshwa. Aghalabu hutulia ndani ya siku moja au mbili. Ukizidi hapo, au ukawa unarudi kila ukisikiliza muziki, nenda hospitali umwone daktari wa masikio. Na ikiwa sikio moja limepunguza kusikia kwa ghafla, nenda siku hiyo hiyo, kwani tiba yake hufaa zaidi ikianza mapema. Usitie mafuta ya aina yoyote ndani ukingoja lizibuke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima, na simu yenye hedifoni inavuka hapo bila taabu. Usipite asilimia 60 ya sauti ya simu. Kisha kumbuka wewe ni mpiga fidla: chombo chako kinakaa chini ya sikio la kushoto kila mazoezi, kwa hiyo sikio hilo lina deni tayari.

Sasa albamu. Hao unaowasoma hawapatani kwa sababu, kwa hakika, hawakusikia kitu kimoja. Kabla hujamwamini yeyote, muulize alisikia lini, mara ngapi, kwa chombo gani, na alikuwa akitafuta nini humo ndani. Maandishi yasiyokujibu hata moja katika hayo, yapite tu, yawe ya nyota tano au ya nyota moja.

Albamu ilitoka Uingereza Desemba 1973, na Marekani Januari 1974. Ni santuri mbili, pande nne, na kila upande una wimbo mmoja tu wa kama dakika 20. Zote pamoja ni dakika 81 na kitu. Mwimbaji Jon Anderson alipata wazo katika tanbihi moja ya kitabu cha Paramahansa Yogananda, Autobiography of a Yogi, inayotaja mafungu manne ya maandiko ya Kihindu, kisha yeye na mpiga gitaa Steve Howe wakaupa kila upande fungu lake. Wapo wanaokwambia albamu ilianguka sokoni. Si kweli. Ilifuzu daraja la dhahabu Uingereza kwa maagizo ya kabla ya kutoka, ikashika namba moja kule na namba 6 Marekani. Lakini usiruke upande wa pili ukasema basi watu waliipenda: aliyeagiza kabla hajaisikia alikuwa ananunua jina la kundi, lililokuwa juu baada ya Close to the Edge ya 1972. Hesabu za mauzo ya wiki za mwanzo hupima albamu iliyotangulia kuliko iliyoko dukani.

Jambo jingine ambalo wahakiki wa leo hulisahau ni kwamba ziara ya Uingereza ilianza Novemba 1973, kabla santuri haijaingia madukani. Watu walilipa viingilio wakakaa kupigiwa zaidi ya saa nzima ya muziki wasioujua. Chukulia klabu yenu ipande jukwaani na nyimbo mpya tupu usiku kucha, hakuna anayejua kiitikio, hakuna wa kuinuka kutunza. Hata zikiwa nyimbo nzuri, usiku ule utasemwa vibaya. Baadhi ya sifa mbaya za albamu zilianzia kwenye kumbi hizo.

Wahakiki nao walikuwa na shida yao. Magazeti ya muziki ya Uingereza yalitoka kila wiki. Mtu alipewa santuri, akaisikiliza mara moja au mbili, akaandika. Kwa albamu ya nyimbo kumi za dakika nne hilo linatosha, kwa hii halitoshi, na sababu yake nitaieleza. Pamoja na hayo, maoni ya wakati ule yalikuwa mchanganyiko: wengine walisifu ujasiri, wengine walilalamikia urefu. Dhihaka nzito unazozisoma nyingi ni za baadaye, tangu mtindo wa roki uitwao punk ulipoingia 1976 na 1977. Punk ilitaka nyimbo za dakika mbili na hasira, ikahitaji adui, na santuri mbili zenye nyimbo nne ndiyo adui aliyefaa kuonyeshwa kidole. Tangu hapo wengi wameandika juu ya albamu hii kama mfano wa kujikweza bila kuifungua tena.

Usidhani basi kwamba wahakiki walichukia kila kitu kirefu. Mwaka huo huo wa 1973 Pink Floyd walitoa The Dark Side of the Moon, nayo imeunganishwa toka mwanzo hadi mwisho, lakini ndani yake mna nyimbo fupi zenye viitikio unavyovikamata mara moja. Hiyo ilikaa kwenye orodha ya Marekani wiki 741 hadi 1988. A Passion Play ya kundi la Jethro Tull, ya mwaka huo pia, ni kipande kimoja kilichogawiwa pande mbili. Wahakiki waliipiga vibaya sana, na wanunuzi wa Marekani wakaipandisha namba moja. Kinachowagawa watu ni muda unaopita kabla ya lahani kurudi, kuliko urefu wenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na wewe una bahati ya kulielewa kuliko msikilizaji wa redio. Unajua bashraf na samai, zile tungo za vyombo vitupu. Katika samai kuna khana nne, yaani sehemu kama beti, na baada ya kila khana taslim, ambayo ni kama kiitikio, inarudi vile vile. Mizani ya samai thaqil ni mapigo kumi (dum ni pigo zito, tak ni pigo jepesi): dum la kwanza, tak la nne, dum la sita na la saba, tak la nane. Kwa hiyo wanaokwambia umesinzia kwa sababu hukuzoea mizani za ajabu au vipande virefu wanakukosea. Mizani ya saba katika "Money" ya Pink Floyd utaihesabu kabla hawajamaliza ubeti wa kwanza, na utaona inavyogeuka kuwa ya nne gitaa linapoanza kutamba. Tofauti iko kwenye taslim. Kwenye samai inarudi baada ya muda mfupi, na haibadiliki. Kwenye albamu hii lahani inaweza kupotea dakika nane au kumi, kisha irudi kwa chombo kingine, kwa mwendo mwingine, au nusu yake tu. Kwa mara ya kwanza kumbukumbu yako haijaishika, basi inaporudi hujui kwamba imerudi. Unasikia vipande vilivyobandikwa. Kwa mara ya nne au ya tano unaanza kuitambua, na raha ya kutambua ndiyo wale wa nyota tano wanayoizungumza.

Tahadhari lakini. Sikio huzoea na hupenda lilichokizoea, hata kama kibovu. Mtu aliyeisikiliza albamu moja kwa miaka arubaini hawezi tena kukwambia iwapo kipande fulani kinachosha, maana kwake kila sekunde ina kumbukumbu. Mhakiki wa 1973 alisikia mara chache mno, mpenzi wa leo amesikia mara nyingi mno. Na wa katikati wapo wengi, ila mtu aliyeona albamu ni ya wastani hana haraka ya kuandika. Ndiyo maana kukusanya nyota ukazigawa kupata wastani hakukuambii chochote.

Kuna jambo la pili linalomkwaza mwanataarab, nalo halitajwi na mhakiki yeyote wa huko kwa sababu halimhusu. Kwenu fidla, qanun, udi, akodiani na ney zote zinafuata lahani moja, kila mpigaji akiipamba kwa namna yake, na utamu uko kwenye maqam, yaani ngazi za sauti, na yale mapambo. Sikio lako limefunzwa kufuata uzi mmoja. Hapa nyuzi ni tatu au nne kwa wakati mmoja na kila mmoja unakwenda kwake. Besi ya Chris Squire haikai chini kushika mizani. Ina lahani yake, tena kali, ya juu. Vinanda vya Rick Wakeman vinatandaza sauti kadhaa kwa pamoja, na safari ya muziki iko kwenye namna sauti hizo zinavyobadilishana. Robo za sauti za maqam kama rast na bayati usizitafute, hazimo. Ukiungoja utamu wa aina ya kwenu utaona gitaa linazunguka bila kufika. Dawa yake ni kushika besi peke yake mzunguko wa kwanza, ukiacha mengine yapite. Anayefuata besi hapotei.

Maneno usiyahangaikie. Anderson mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba huchagua maneno kwa mlio wake, na Waingereza wenyewe hawayaelewi. Asikutishe mtu kwamba Kiingereza chako ndicho tatizo.

Sasa angalia ulichosikiliza. Fungua wimbo wa kwanza, "The Revealing Science of God", utazame urefu wake. Ukiwa dakika 20 na ushei, ni kama ulivyokuwa kwenye santuri ya 1973 na unaanza moja kwa moja na sauti za waimbaji. Ukiwa dakika 22, umepata toleo lenye dibaji ya kama dakika mbili iliyorejeshwa mwaka 2003. Dibaji ile ni sauti tulivu zinazopanda taratibu, na kwa mtu aliyelala kitandani na hedifoni ni mwaliko wa usingizi. Kuna pia mchanganyo mpya wa Steven Wilson wa 2016, ambao vyombo vyake vimetenganishwa vizuri zaidi. Huo ndio ningekupa wewe, kwa sababu besi unaiona wazi. Unaposoma mtu anasema sauti ni matope, na mwingine anasema inang'aa, huenda kila mmoja anazungumzia toleo lake.

Ubora wa faili nao una neno. Albamu nzima kwa kilobiti 96 kwa sekunde inakula kama MB 58 za bando. Kwa kilobiti 320 ni kama MB 194. Watu wengi simu zao zimewekwa kwenye kiwango cha chini ili kuokoa bando, na hapo matoazi na melotroni, kile kinanda cha tepu kinachotoa sauti za fidla na kwaya, huwa kama yanachemka. Upande wa pili umejaa melotroni, kwa hiyo ndio unaoumia zaidi. Pakua mara moja kwa kiwango cha juu ukiwa kwenye Wi-Fi, uihifadhi. Usisikilize faili iliyotumwa na kutumwa tena kwa WhatsApp, na usiihukumu kwa spika ya simu, haina besi kabisa.

Halafu hilo la mkupuo mmoja. Aliyenunua santuri 1973 hakuweza kusikiliza dakika 81 bila kuinuka hata angetaka. Kila dakika 20 ilibidi asimame, ageuze au abadilishe. Wengi waliweka upande mmoja, wakaenda zao. Kundi lilipanga muziki ukiwa na mapumziko hayo. Simu imeyaondoa, na kusinzia kwako kwa sehemu kubwa kumetoka hapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki ya kwanza sikiliza upande mmoja tu kwa siku, umekaa, hujalala. Usianze na wa kwanza. Anza na wa nne, "Ritual": una lahani zilizo wazi, besi inapata nafasi yake, na kuelekea robo ya mwisho wote wanaingia kwenye ngoma, kisha vurugu inatulia na sauti ya Anderson inarudi polepole. Usikilize siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nenda upande wa kwanza. Chukua fidla, simamisha muziki kila unapokutana na lahani inayoonekana ya maana, ipige, iandike kwa nota au hata kwa do re mi, na mbele yake andika dakika na sekunde. Nne au tano zinatosha. Ukirudia wimbo, weka alama kila moja inapotokea tena. Karatasi hiyo moja itakufaa kuliko tathmini ishirini za watu. Siku ya nne chukua upande wa tatu, "The Ancient", ukijua kwamba theluthi mbili za mwanzo ni ngoma na gitaa la chuma linalokwaruza kwa makusudi, na theluthi ya mwisho inageuka gitaa la nailoni na wimbo mwororo. Upande wa pili, "The Remembering", uweke mwisho. Kosa la kawaida ni kufuata mpangilio wa namba: mtu anautoka upande wa kwanza akiwa hoi, anaingia kwenye upande ulio mpole kuliko zote, analala, na wa nne haufikii kamwe.

Kasoro ni ya nani? Nakuambia ninavyoiona. Upande wa kwanza na wa nne ni muziki wa daraja la juu na unastahili juhudi hiyo. Upande wa tatu una dakika sita nzuri sana ambazo zimecheleweshwa mno. Upande wa pili una mawazo mazuri ya kujaza dakika kumi hivi, na yamevutwa kufika ishirini. Katika yote yaliyosemwa dhidi ya albamu, lenye uzito kwangu ni la Wakeman aliyepiga vinanda humo humo: kwamba walikuwa na muziki uliozidi santuri moja lakini usiotosha mbili, ikabidi wajaze. Aliondoka kundini 1974. Neno hilo lina faida kwa sababu unaweza kulichunguza kwa karatasi yako: tafuta sehemu ambapo dakika tatu zinapita na hakuna lahani mpya, hakuna ya zamani iliyorudi, hakuna aliyebadilisha chochote. Ukizipata, umepata ujazo. Mhakiki anayesema "inachosha" bila kukwambia wapi hajakupa kitu, na mpenzi anayesema "lazima ikue ndani yako" naye hajakupa.

Ukishafanya hayo na bado huipendi, basi huipendi, na umeshafanya zaidi ya wengi walioandika.

Klabuni usiwapigie albamu nzima, nakuomba. Wapigie dakika nne za mwanzo za upande wa kwanza kuanzia sauti za waimbaji (ruka dibaji), dakika sita za mwisho za upande wa tatu, na "Ritual" kuanzia pale ngoma zinapoingia hadi mwisho. Ni kama dakika 17 kwa jumla. Katikati yake wapigie wenyewe taslim ya samai wanayoijua, kisha uwaonyeshe kwa fidla lahani moja ya Yes ilivyotoka mwanzo na ilivyorudi imegeuzwa. Tumia spika mbili za waya zilizoinuliwa usawa wa kichwa, feni uzime. Mtu atauliza habari za Freddie Mercury, maana hapa mjini roki ikitajwa lazima atajwe. Mjibu kwamba alizaliwa Mji Mkongwe 1946, mwendelee. Ukikwama kwenye kuandika lahani au kuzitenganisha sauti za vinanda, mpelekee mwalimu anayesoma nota za Kizungu na anayejua maqam pia, kama walimu wa DCMA, kile chuo cha muziki cha hapa Zanzibar. Nusu saa ukiwa naye na kinanda itakusaidia kuliko maelezo yangu haya, kwa sababu ataisikia sehemu unayokwama.

Na santuri za mjomba zitunze. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huzalisha ukungu kwenye mifereji. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, mbali na dirisha la jua. Ukipata deki ya kuazima, zifute kwanza kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi na maji yaliyokenekwa, si ya bomba wala ya kisima, kwani ya kwetu yana chokaa inayobaki humo. Futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati, karatasi ya jina isilowe, na zikauke kabisa kabla ya kurudi kwenye mifuko. Mwenye deki muulize uzito wa sindano yake. Nyingi zinataka gramu 1.5 hadi 2. Ikiwa nyepesi mno itaruka na kukwaruza, ikiwa nzito mno italima mifereji.